Waandike Wawili, Si Mmoja na Kivuli Chake

Una hadithi ya mapenzi mkononi. Umefika sura ya tatu na kuna kitu kinakukera. Umeshasema mara nne kwamba wawili hawa wanapendana. Lakini msomaji wako wa kwanza, yule dada yako asiyejua kusifia ovyo, amekurudishia kurasa na kusema, "Huyu mwanamke yupo yupo tu."

Msikilize dada. Wengi wetu hatuandiki wawili. Tunaandika mmoja na kivuli chake. Mmoja ana kazi, ana hasira, ana deni, ana ndoto. Mwingine ana macho mazuri na anajua kungoja.

Leo tukitie kivuli damu. Iwe unaandika riwaya, mchezo wa redio au hadithi ya vipande unayoirusha kwenye kundi la WhatsApp kila saa tatu usiku, mbinu ni zilezile.

Kwanza tutunge wawili wa kufanyia mazoezi. Subira ni fundi cherehani. Ana kibanda Ngamiani, Tanga, kwenye zile barabara zinazoitwa kwa namba. Kheri ni fundi baiskeli. Anakaa chini ya mwembe kona ya pili, na katika mji wenye baiskeli nyingi kama Tanga mikono yake haikauki grisi. Wameoana miaka mitatu, mtoto bado. Kheri anamwita mkewe "fundi", na mkewe anamwita "fundi" vilevile. Ni watu wa kubuni, usiende kuwatafuta.

Anza na maamuzi

Kabla hujaandika busu hata moja, chukua karatasi. Orodhesha maamuzi matano yatakayowakuta wawili hawa ndani ya hadithi. Wahame chumba au wabaki? Wamlipie ada mdogo wake Kheri? Wanunue mashine ya overloki? Shangazi aje kukaa wiki mbili au miezi miwili? Mbele ya kila uamuzi andika jina la aliyetoa neno la mwisho.

Ukiona jina moja mara tano, umeandika bosi na karani. Haijalishi karani huyo anapendwa kiasi gani.

Usikimbilie kugawa mbili na nusu kwa mbili na nusu. Watu wanaogawana kila kitu kwa mizani wanachosha, na katika maisha huishia kuhesabiana vijiko. Mpe kila mmoja uwanja wake. Subira ana kichwa cha hesabu, basi mambo ya pesa humalizia yeye. Kheri anajua kusoma watu, basi la kumkopesha nani na kumkwepa nani humalizia yeye. Kisha tafuta uamuzi mmoja ambao wote wawili wanadai ni wao. Hapo pana sura nzima inakusubiri.

Mpe kila mmoja kitu anachokitaka hata kama wasingekutana. Hili ndilo wengi tunaliruka. Subira anataka overloki ili aweze kuchukua oda za sare za shule badala ya kubana magauni ya watu kiunoni. Kheri anataka kutoka chini ya mwembe, akodi fremu, auze vipuri. Mwenye fremu anadai kodi ya miezi 6 mkupuo: shilingi 600,000. Overloki ya mtumba aliyoipata Subira: shilingi 600,000. Akiba yao nyumbani, wameiweka pamoja mwaka mzima: shilingi 600,000.

Ona sasa. Hakuna mbaya hapo. Hakuna mchepuko, hakuna mganga, hakuna tajiri mwenye gari jeusi. Kuna watu wawili wenye haki na pesa moja. Hadithi imeshaanza kutembea yenyewe.

Jipime hivi. Mtoe Kheri kwenye sura nzima. Je, Subira ana la kufanya zaidi ya kuchungulia dirishani? Mrudishe Kheri, mtoe Subira. Uliza tena.

Kuaminiana kuonyeshe kwa vitu

Neno "walikuwa wakiaminiana sana" lifute popote ulipoliandika. Msomaji haliamini. Imani huonekana pale mtu anapoweza kuchungulia na asichungulie, anapoweza kuchukua na asichukue. Kwa hiyo mbinu ni rahisi: mweke mmoja mahali ambapo anaweza kumuumiza mwenzake, kisha mwangalie anafanya nini.

Tazama hii. Ni wiki ya mwisho kabla ya Idi. Subira amezama kwenye oda, hawezi kuinuka kwenye cherehani. Anampa Kheri simu yake akamtolee 40,000 kwa wakala anunue vitambaa. Namba ya siri Kheri anaijua. Anatoa pesa, ujumbe unaingia, na chini ya ujumbe kuna salio: 380,000. Kheri hakujua. Hii si ile akiba yao. Ile ipo nyumbani, imehesabiwa. Hii ni nyingine.

Anarudi kibandani. Anaweka noti juu ya meza ya kukatia.

"Salio nimeliona, fundi."

"Nilijua utaliona."

Subira anaendelea kukanyaga cherehani. Kheri anakaa, anachukua sindano, anaanza kumtilia vifungo vya kanzu za watoto.

Basi. Ishia hapo. Usimfanye Kheri apige kelele, na usimfanye aseme "nakuamini, mke wangu". Mwache atie vifungo, tena avitie vibaya, kimoja juu kimoja chini. Msomaji atahisi uzito wa swali ambalo halijaulizwa. Pia ataona kwamba Subira alimpa simu akijua salio litaonekana. Naye ameamini. Wote wawili wameweka kitu mezani.

Baadaye utafichua kwamba pesa ile ni ya mdogo wake Subira, zamu yake ya mchezo wa kupeana pesa, amemwomba amfichie asije akanyang'anywa na mumewe. Na hapa pana jambo la kulitenganisha vizuri kichwani mwako. Kuna siri inayomdhulumu mwenzako, na kuna siri uliyokabidhiwa na mtu mwingine. Ya kwanza inavunja nyumba. Ya pili ni mzigo wa watu, na mwenzi anayeaminika anaweza kukuacha uubebe bila kukupekua mifuko. Ukizichanganya, msomaji atamlaumu asiyestahili.

Ukimya huo usiwe wa bure lakini. Umgharimu mtu. Kheri asilale vizuri siku tatu. Amjibu mteja vibaya. Ile 380,000 ingetosha zaidi ya nusu ya kodi ya fremu yake, na yeye anajua hesabu hiyo hata kama kichwa cha hesabu ni cha mkewe. Imani isiyomgharimu mtu haina ladha kwenye karatasi.

Onyesho la simu, ushauri wangu, lipumzishe kwa muda. Mke anashika simu, anaona "hi dear" kutoka namba asiyoijua, sahani zinapasuka. Tumelisoma hilo mpaka tumechoka. Tafuta vitu vingine vya kukabidhiana: ufunguo, kitabu cha kikoba, majibu ya hospitali, saini, mtoto wa mtu, jina la mtu anayejificha.

Na kumbuka watu wawili hawaanzi kuaminiana dakika moja. Mmoja hutangulia. Jiulize ni nani aliyetangulia kwako, na ilimgharimu nini kutangulia. Hilo ni onyesho, liandike.

Wasome waliotangulia kwa jicho la fundi

Mohamed Suleiman Mohamed alitoa riwaya mbili zilizopishana miaka michache: Kiu, 1972, na Nyota ya Rehema, 1976. Zisome pamoja, kalamu mkononi.

Katika Kiu, Bahati anampenda Idi, na Idi ana kiu ya mali ya Mwinyi. Angalia nani anajua nini, na anakijua lini. Bahati anapenda gizani. Mwenzake ana taa. Ukitaka kuandika wapenzi wasiolingana, huna haja ya kumnyima mmoja pesa wala elimu. Mnyime habari. Na ukitaka walingane, anza kwa kuwagawia habari.

Katika Nyota ya Rehema kuna Rehema, binti aliyekulia kwenye kukataliwa na watu wa upande wa baba, na Sulubu, mkulima. Hawa wanalima. Jembe liko mikononi mwa wote wawili, na ardhi wanayoisumbukia ndiyo inayokuja kuwaletea balaa kutoka kwa wanaodai ni yao. Tishio linatoka nje ya mlango wao.

Hilo linajibu swali ambalo najua unalo: "Nikiwaandika wanaaminiana, hadithi itakufa?" Haifi. Inahamia kwingine. Badala ya kuuliza kama watasalitiana, msomaji anauliza kama watashinda. Shafi Adam Shafi naye, katika Vuta n'kuvute ya 1999, kamweka Yasmin karibu na Denge, kijana wa siasa anayesakwa na serikali ya kikoloni Zanzibar. Mwanamke anayempenda mtu anayesakwa ameshika maisha ya mtu kila anapofungua mdomo. Linganisha na ndoa aliyotoka Yasmin, ya kuozwa akiwa binti mdogo kwa Raza, mtu mzima mwenye duka. Kule alipewa nyumba. Huku kuna la kufanya.

Sarufi itakuumbua

Sasa tuje kwenye lugha yenyewe, maana Kiswahili kina mitego yake na dawa zake.

Kheri alimwoa Subira. Subira aliolewa na Kheri. Umeona? Mmoja kapewa kutenda, mwingine kutendewa, na hata hatujaanza hadithi. Sikwambii uwabadilishie watu maneno. Mhusika wako atasema "ameolewa" kwa sababu ndivyo watu wanavyosema. Lakini sauti ya msimulizi ni yako. Msimulizi anaweza kusema "walioana" na asipotee.

Pitia rasimu yako kwa rangi mbili. Vitenzi vya Kheri pigia mstari wa bluu, vya Subira mwekundu. Kisha tazama viambishi. Kama Subira wako amependwa, amechukuliwa, amepelekwa, ameambiwa na amesamehewa ndani ya ukurasa mmoja, yeye si mhusika tena, ni mzigo wa kwenye tenga la baiskeli. Mpe vitenzi vya kushika: alikata, alikataa, alihesabu, alicheka, alifunga mlango.

Ile "-ana" ya mwisho ni rafiki: walisikilizana, walichokozana, waliombana radhi. Itumie kwa kiasi. Ukiizidisha inaficha nani alianza, na msomaji anapenda kujua nani alianza.

Neno "ameolewa" lina sumu nyingine ambayo mwandishi hapaswi kuitupa. Mtaani, mwanaume anayeishi kwenye nyumba ya mkewe huambiwa kwa kejeli kwamba yeye ndiye aliyeolewa. Tuseme kodi ya chumba Ngamiani analipa Subira tangu wamehamia. Wale vijana wa chini ya mwembe wanajua. Siku moja mmoja anatupa neno, wengine wanacheka, Kheri anaendelea kuziba pancha. Jioni akifika nyumbani, anafanya nini na neno lile? Akilileta ndani akamtupia Subira, una aina moja ya mtu. Akilisimulia kama kichekesho halafu sauti ikamkwama katikati, una mtu mwingine kabisa, na mimi ningemfuata huyo wa pili.

Majina ya kuitana nayo yapange kwa makusudi. Wakiwa wawili ni "fundi" na "fundi". Mbele ya mama mkwe, Subira anasema "mwanao" au "mwenzangu". Wakigombana, jina kamili linatoka. Mtoto akizaliwa watageuka Mama nani na Baba nani, na hilo nalo ni badiliko la kuliandika. Msomaji wa Kiswahili anasoma hayo haraka kuliko maelezo ya aya nzima.

Hesabu amri pia. Kwenye mazungumzo yao, ni nani anasema lete, nipe, njoo, nyamaza? Ni nani anasema naomba, hebu, unaonaje? Ikiwa amri zote zinatoka mdomo mmoja, utajua. Na hesabu maswali. Mtu anayempenda mwenzake kama mtu humuuliza mambo asiyojua majibu yake.

Utani ni mizani

Hakuna chombo kinachoonyesha usawa haraka kama utani. Sisi tuna bahati, tumelelewa nao. Mtani wako anaweza kukuchokoza mpaka msibani na hukasiriki, kwa sababu kesho zamu ni yako. Sheria ni moja: anayerusha apokee. Ukiona mmoja ndiye mrushaji na mwingine ndiye mpokeaji siku zote, huo si utani, ni dharau iliyovaa tabasamu.

Kwa mfano wa mbali, kuna Nick na Nora Charles, mume na mke wa riwaya ya The Thin Man ya Mmarekani Dashiell Hammett, 1934. Mume ni mpelelezi aliyeacha kazi. Mwenye mali ni mke. Mume anamsimamia mali hiyo. Ukisikia hivyo unategemea mtu aone haya au mtu aringe. Wapi. Wanataniana kutoka mwanzo hadi mwisho, juu ya hiyo pesa pia, na utani ule ndio unaokwambia kwamba hakuna aliye chini. Hollywood waliipenda jozi hiyo kiasi cha kutengeneza filamu 6 kati ya 1934 na 1947.

Kwa wetu: Subira anamcheka Kheri kwa vifungo alivyopachika. Siku ya pili Kheri anamwona Subira akipanda baiskeli kwa kuyumba na kumwambia mteja kwa sauti, "Huyo mpishe, breki zake ni ukuta." Bao moja kwa moja. Wameshalipana.

Uandike usawa wa barazani

Usawa wa chumbani ni rahisi. Mlango umefungwa, hakuna anayeona, mume yeyote anaweza kukanda miguu. Ule mgumu ni wa barazani, mbele za watu.

Onyesho la mazoezi: Jumamosi asubuhi. Subira anamalizia oda nyumbani. Kheri amechuchumaa uani, anaosha vyombo, kama kila Jumamosi. "Hodi!" Ni sauti ya mama yake Kheri, amefika kutoka Muheza bila kupiga simu.

Kheri anafanya nini na sahani iliyo mkononi?

Liandike onyesho hilo mara tatu. Mara ya kwanza aendelee kuosha, amwambie mama, "Karibu mama, nakuja, naisuuza hii." Mara ya pili aiweke chini haraka na kuita, "Subira! Mama amekuja!" kwa sauti ya mtu asiyehusika na povu lililo mikononi mwake. Mara ya tatu mama mwenyewe aingie, aone, avute kigoda, aanze kufuta vyombo bila kusema neno.

Nakushauri usichague ile ya kwanza upesi. Ni nzuri mno. Ile ya pili ndiyo yenye hadithi: mtu mwema ameshindwa dakika moja. Subira ametoka chumbani, ameelewa kila kitu kwa kuangalia povu. Anamsalimu mkwe, shikamoo mama, anamkaribisha, anaichukua sahani, anaiosha. Hasemi kitu. Usiku ule Kheri haombi radhi kwa maneno. Kesho yake, mama akiwa amekaa ukumbini, anavitoa vyombo vyote uani, anavua shati, anachuchumaa. Mama anatazama. Subira anaendelea na uzi wake, lakini mguu kwenye cherehani umesita kidogo.

Ndugu si maadui, na hapa naomba uwe mwangalifu. Mawifi wabaya na mama wakwe wachawi wamejaa hadithini kupita kiasi. Mpe mama huyo sababu. Labda mumewe hakuwahi kumwoshea hata kikombe, na anachokitazama uani kinamuuma kwa namna ambayo hata yeye hajui kuieleza.

Ugomvi: kila mmoja awe na haki

Uandike ugomvi wa zile 600,000 mara mbili. Mara ya kwanza wewe ni wakili wa Subira: oda za sare ni kipato cha uhakika kila Januari, overloki italipa ndani ya mwaka. Mara ya pili wewe ni wakili wa Kheri: mvua za masika zinamfukuza chini ya mwembe, siku za mvua hapati kitu, na fremu hiyo ikichukuliwa na mwingine haitapatikana tena. Kisha changanya. Ukigundua wakili mmoja ana hoja nzito na mwingine ana makelele tu, rudi ukamtafutie hoja.

Usimfanye mmoja mjinga ili mwingine ang'ae. Zamani tulimfanya mwanamke asiyeelewa kitu. Siku hizi kuna mtindo wa mke shupavu na mume zoba asiyeweza hata kuchemsha chai. Hapo umebadilisha aliyekaa kwenye kiti tu. Kiti ni kilekile.

Wivu usiuandike kama kiungo cha mapenzi. Mwanaume anayempangia mkewe nguo, anayemfuata kazini, anayempokonya simu "kwa sababu anampenda": msomaji wako anaishi na huyo au jirani yake anaishi naye. Ukimwandika, mwandike alivyo. Na kofi lisilipwe kwa doti ya kanga sura inayofuata, kisha maisha yakaendelea. Tanzania, Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 66, inasema wazi kwamba hakuna mwenye haki ya kumpiga mwenzi wake. Mhusika wako anaweza asijue. Wewe ujue.

Sheria hiyo isome kwa ajili ya visa pia. Imejaa mafuta ya hadithi. Kifungu cha 59 kinamzuia mwenye nyumba ya ndoa kuiuza au kuiweka rehani bila idhini ya mwenzi wake. Mtu anahitaji mkopo, karatasi ipo mezani, inasubiri saini ya mwenzake: hapo una onyesho la imani ambalo halihitaji hata busu. Mwaka 1983, katika shauri la Bi. Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. Ukiandika nyumba inayovunjika na mume anayesema "yeye alikuwa anapika tu", jibu lake lipo mahakamani kwa zaidi ya miaka 40. Kama hadithi yako iko Nairobi au Mombasa, isome Sheria ya Mali ya Ndoa ya Kenya ya 2013, na ule mchezo wa kupeana pesa uite chama.

Mbinu ya mwisho kabla hujaituma

Rasimu ikiisha, badilisha majina. Kila penye Kheri weka Subira, kila penye Subira weka Kheri. Kisha isome kwa sauti, mchana, mbele ya mtu asiyekuogopa. Sehemu zitakazochekesha ni zile ulizoandika kwa mazoea. Mume anayelia jikoni bila kuulizwa anaumwa nini. Mke anayerudi usiku na kukuta chakula kimefunikwa na hasemi hata asante. Mahali unaposikia kicheko, weka alama. Huko ndiko kivuli kimejificha.

Mimi nilipowageuza hawa wawili niligundua kwamba Kheri, pamoja na vifungo vyake vyote, hakuwa amemuuliza Subira swali hata moja kuhusu zile sare za shule. Ni za shule ipi, rangi gani, atashona ngapi kwa siku. Nikarudi mwanzo, nikamweka kwenye kigoda kando ya cherehani, nikamfanya aulize.